Kuchagua Mbao za Gitaa la Umeme Mjini Tanga: Jinsi ya Kupima Kinachobadilisha Mlio

Anayetaka kuchongesha gitaa la umeme mjini Tanga hupewa mashauri mawili yanayopingana kabla hata hajaonana na seremala. Wapo wanaomwambia kwamba mlio wote umo ndani ya mti, na kwamba bila mahogani au mepo ya ng'ambo atakachopata ni pambo la kutundika ukutani. Wapo pia wanaomwambia kwamba mti hauna lolote, kwa sababu gitaa la umeme ni sumaku na waya tu, na hata meza ikifungwa nyuzi italia vilevile. Kundi la pili liko karibu zaidi na ukweli, ingawa halijaufikia. Maelezo yanayofuata yanaonyesha namna ya kujipimia ni kitu gani kinachobadilisha mlio na kwa kiasi gani, kisha namna ya kuchagua mbao zinazopatikana mkoani Tanga kwa kuzingatia mambo ambayo mbao huyaamua kweli.

Mti unaingilia wapi

Anza kwa kuielewa pikapu, kile kifaa kinachokaa chini ya nyuzi. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo mna waya wa shaba mwembamba kama unywele uliozungushwa mara elfu kadhaa kuwa koili. Pikapu ya koili moja ya gitaa la aina ya Stratocaster kwa kawaida huwa na mizunguko kati ya 7,000 na 8,000. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku huivuruga nguvu ya sumaku inayopita katikati ya koili, na mvurugiko huo huzaa umeme mdogo ambao amplifaya huukuza. Pikapu nzuri haisikilizi hewa, wala haijui kama imefungwa juu ya mninga au juu ya plastiki. Asiyeamini achukue gitaa lolote la umeme, alifunge uzi mmoja wa nailoni usio na chuma, kisha aupige: chumbani utasikika kwa kiasi chake, lakini kwenye spika hapatatoka kitu cha maana.

Kwa hiyo mti una njia mbili za kuufikia mlio. Njia ya kwanza ni kuunyang'anya uzi nguvu yake. Uzi umeshikwa kwenye ncha mbili, darajani, yaani kwenye kipande kinachoshika nyuzi juu ya mwili, na kwenye freti iliyobanwa, yaani kile kijiti cha chuma kinachokatiza shingo, na ncha hizo zisipokuwa imara kabisa, sehemu ya mtetemo hupotelea kwenye mwili na shingo. Na kwa kuwa kila kipande cha mti hutetemeka kwa urahisi katika masafa fulani, yaani kasi fulani za mtetemo, na kugoma katika mengine, baadhi ya noti hupoteza nguvu upesi kuliko nyingine. Njia ya pili ni kuitikisa pikapu yenyewe, jambo linaloonekana zaidi pikapu ikiwa haikuzamishwa kwenye nta, kiasi kwamba ukiigonga kwa kucha kishindo chake husikika kwenye spika.

Njia ya kwanza imepimwa maabara. Katika miaka ya 1990, Helmut Fleischer na Tilmann Zwicker wa Ujerumani walionyesha kwamba noti zinazokufa mapema katika magitaa ya umeme huendana na masafa ambayo shingo hutetemeka kwa urahisi, na mwaka 2014 Arthur Paté na wenzake wa Paris walionyesha kwamba muda wa noti kudumu unaweza kukadiriwa kwa kupima jinsi shingo inavyotetemeka pale freti ilipo. Zingatia kwamba kinachotajwa ni shingo. Daraja lililofungwa kwenye mwili mzito usio na uwazi ndani hutikisika kidogo sana, kwa hiyo mwili, ambao ndio watu wanaoubishania vijiweni, una usemi mdogo kuliko ule mti mwembamba mrefu unaoshikwa kwa kiganja. Hata hivyo mwili nao haukosi mchango kabisa: watafiti wa Poland walichapisha mwaka 2021 majaribio ya kubadilisha mti kwenye chombo kilekile, wakakuta tofauti zinazotosha kusikika. Linalombakia anayechongesha ni kujua ukubwa wa tofauti hiyo ikilinganishwa na vitu vingine anavyovilipia.

Historia ya chombo hiki inasaidia kukadiria. Gitaa la Rickenbacker lililoanza kuuzwa mwaka 1932, ambalo lilipewa jina la utani la kikaango kwa sababu ya umbo lake, lilikuwa la alumini. Danelectro katika miaka ya 1950 walibandika hadibodi juu ya fremu ya mbao za bei nafuu. Mwaka 1969 Ampeg walitoa gitaa lililobuniwa na Dan Armstrong lenye mwili wa plastiki ngumu angavu kama kioo. Yote hayo yalipigwa majukwaani na kurekodiwa, na hakuna hata moja lililolia kama sufuria au ndoo.

Jinsi ya kufanya jaribio lisilodanganya

Usianze na mti. Anza na vitu vya bei ndogo kwenye gitaa moja, ukibadilisha kimoja kwa wakati, ili sikio lako lipate kipimo cha kulinganishia.

Badilisha waya wa kuunganishia kwanza. Waya wa gitaa hubeba uwezo wa kuhifadhi chaji wa takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, na uwezo huo ukiungana na koili ya pikapu huamua ni masafa gani ya juu yatakayosisitizwa na yapi yatakayokatwa. Piga kifungu kilekile kwa waya wa mita 3, kisha kwa waya wa mita 9, kitufe cha voliumu kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho. Mlio utafifia makali yake kwa namna ambayo hata asiyepiga gitaa ataitambua, na wewe hujagusa ubao wowote. Kinachofuata ni kimo cha pikapu: ishushe kwa bisibisi milimita 1, sikiliza, kisha ipandishe. Kipimo cha kuanzia kwa pikapu ya koili moja ni kama milimita 2.4 chini ya uzi mnene na milimita 2 chini ya uzi mwembamba, nyuzi zikiwa zimebanwa kwenye freti ya mwisho. Ukiipandisha mno, sumaku huanza kuuvuta uzi wenyewe na noti huyumba, hasa za juu ya shingo kwenye nyuzi nene.

Halafu hamisha swichi kutoka pikapu ya darajani kwenda ile ya shingoni. Tofauti utakayoisikia haitokani na mti, kwa kuwa mti ni uleule. Inatokana na mahali pikapu inapousoma uzi. Karibu na daraja uzi husogea kidogo na harmoniki za juu, yaani mitetemo midogo ya kasi inayoandamana na ule wa msingi, huwa na sehemu kubwa, ilhali karibu na shingo mtetemo wa msingi ndio unaotawala. Pikapu ikikaa karibu robo ya urefu wa uzi kutoka darajani, harmoniki ya nne ya uzi usiobanwa inakuwa imetulia hapo hapo, kwa hiyo inakaribia kutoweka kwenye mlio. Ndiyo sababu fundi anayekosea mahali pa kuchimba shimo la pikapu kwa sentimita 2 amebadilisha mlio zaidi kuliko kama angebadilisha mkangazi kwa mtiki.

Baada ya hapo ndipo uazime gitaa la pili lenye mti tofauti. Magitaa yote mawili yafungwe nyuzi mpya za aina moja na unene mmoja, kwa maana nyuzi zilizokaa mwezi mmoja kwenye hewa ya chumvi ya Tanga zimeshapoteza ukali, na mtu anaweza kumlaumu mti kwa kosa la kutu. Yawe na urefu sawa wa uzi kutoka kizingitini, yaani kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho juu ya shingo kabla ya funguo za kukazia nyuzi, hadi darajani. Kampuni ya Fender hutumia milimita 648 na ile ya Gibson karibu milimita 628, na kwa noti ileile uzi uleule kwenye Fender hukazika zaidi kwa takriban asilimia 6, jambo ambalo peke yake linaonekana kwenye mguso na mlio. Zaidi ya yote, ikiwezekana, hamisha pikapu zilezile kutoka gitaa moja hadi jingine. Bila hatua hiyo unalinganisha pikapu mbili huku ukidhani unalinganisha miti miwili.

Mkono wa mpigaji nao ni mdanganyifu. Maabara hutumia mbinu ambayo mtu yeyote anaweza kuiiga nyumbani: chuna waya wa umeme wa zamani, chomoa unyuzi mmoja mwembamba wa shaba, upitishe chini ya uzi wa gitaa mahali ulipopatia alama kwa kipande cha selotepu, kisha uvute polepole hadi ukatike. Unakatika kwa nguvu ileile kila mara, kwa hiyo uzi wa gitaa huachiliwa kwa namna ileile. Rekodi kwa kuingiza gitaa moja kwa moja kwenye kompyuta au kwenye meza ya mitambo ya bendi, wala usirekodi kwa maikrofoni ya simu iliyowekwa mezani, kwa sababu hiyo itachukua pia mlio wa hewani ambao ndio unaotaka kuuondoa. Sawazisha ukubwa wa sauti za rekodi zote mbili, kwa kuwa sikio la binadamu huiona sauti iliyozidi kidogo kuwa ndiyo nzuri, hata kama hakuna tofauti nyingine.

Mwombe mwenzako azicheze rekodi hizo kwa kurusha shilingi juu, wewe ukiwa umempa mgongo, na uandike kila mara unadhani ni gitaa lipi. Fanyeni mara 10. Anayebahatisha hupata kama 5, na si ajabu akipata 6 au 7. Ni pale tu unapopata 9 au 10 ndipo unapoweza kusema unaisikia tofauti, kwa sababu uwezekano wa kufika hapo kwa bahati tupu ni kama 1 katika 100. Mtu akigoma kufanya zoezi hili huku akishikilia kwamba mahogani yake inatoa joto ambalo hakuna mti mwingine unalo, mwache na imani yake, lakini usimpe fedha zako akununulie mbao.

Kutafuta noti zinazokufa

Hapa ndipo ujenzi wa gitaa unapojionyesha waziwazi, na ni ajabu kwamba wanunuzi wengi hawapimi kabisa. Chukua gitaa unalotaka kununua, au lile ambalo fundi amekukabidhi, na upige kila uzi kwenye kila freti kuanzia ya kwanza hadi ya 12, ukiiacha kila noti hadi ife. Noti za jirani zinapaswa kupungua kwa mtiririko unaofanana. Ukikuta moja inayozimika haraka kuliko zilizoizunguka, hapo shingo inautetemekea uzi na kuinywa nguvu yake. Kwenye magitaa mengi ya besi yenye shingo ya kufungwa kwa skrubu, tatizo hilo hujitokeza kwenye uzi mwembamba zaidi karibu na freti ya 5 hadi ya 7.

Kabla ya kumlaumu fundi, hakikisha si freti iliyoinuka inayougusa uzi. Hiyo hukwaruza, ilhali noti inayokufa hutoka safi kisha hunyauka. Halafu bana kipande kizito cha chuma, kwa mfano kibano cha seremala, kwenye kichwa cha shingo, na urudie. Uzito huo hubadilisha masafa ambayo shingo hutetemeka kwa urahisi, na mara nyingi utakuta noti iliyokuwa ikifa sasa inadumu, na jirani yake ndiyo inayonyauka. Jaribio hili linakuonyesha kwa macho na masikio kwamba shingo inahusika, na pia linakupa dawa: funguo nzito zaidi au nyepesi zaidi zinaweza kuisogeza noti mbovu hadi mahali usipopatumia sana.

Ifahamike pia kwamba kudumu kwa noti si sifa ya kutafutwa na kila mpigaji. Aliyekulia kwenye nyimbo za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za Tanga, anajua kwamba gitaa la rizimu hufanya kazi yake kwa noti fupi zinazopishana bila kukanyagana, na gitaa lililoingia kwenye taarab ya Tanga kupitia vikundi vya Black Star na Lucky Star halikuletwa ili livute noti kama fidla. Anayepiga solo ndiye anayehitaji noti itakayokaa. Mwambie fundi wako unapiga nafasi ipi kwenye bendi kabla hajachukua vipimo.

Mbao za mkoani na kazi yake

Ukishakubali kwamba mti wa mwili unachangia kidogo kwenye mlio, unabaki huru kuuchagua kwa yale yanayomhusu mpigaji na seremala: uzito, uthabiti, urahisi wa kuchongeka na bei. Mwili wa kawaida wa milimita 45 unakula ujazo wa mbao wa karibu lita 4. Ukiuchonga kwa mpingo, ambao uzito wake hupita kilo 1 kwa lita, utapata mzigo unaozidi kilo 4 kabla ya shingo, daraja na pikapu, na harusi inayokesha hadi alfajiri itakufundisha bega lako lina maoni gani kuhusu mbao ngumu. Mkangazi ni mwepesi, huchongeka vizuri na unafanana kwa ukoo na mahogani ya Marekani. Kwangu huo ndio chaguo la kwanza kwa mwili. Mtiki unapatikana kwa urahisi kwa sababu ya shamba la miti la Longuza wilayani Muheza, nao hautikiswi sana na unyevu, jambo lenye thamani kubwa kwa mji wa pwani. Una mafuta, kwa hiyo sehemu ya kuunganisha ifutwe kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka gundi, la sivyo kiungo kitaachia. Mninga ni mzuri wa macho na imara, ila bei yake inalipia rangi zaidi ya mlio. Mvule unafaa, lakini vumbi lake huwasha ngozi na kuchokoza kifua, kwa hiyo anayeuranda na kuupiga msasa avae barakoa na afanye kazi hiyo nje.

Kwa shingo mambo hubadilika, kwa kuwa hapa mti unabeba kazi. Nyuzi sita za unene wa kawaida, zile zinazoanzia inchi 0.010 hadi 0.046, huivuta shingo ya milimita 648 kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 46 usiku na mchana. Chagua ubao ambao mistari yake inakwenda wima ukiutazama kwenye ncha, usio na fundo, na uliokaa kwenye chumba kikavu chenye hewa kwa miezi kadhaa, wala usikubali ubao ulioshushwa jana kwenye lori. Njia iliyo salama zaidi ni kuunganisha vipande vitatu au vitano kwa gundi, mistari ya kila kimoja ikielekea upande tofauti na jirani yake, na kuweka fimbo ya chuma ya kurekebishia ndani. Mtiki ulionyooka unafaa kwa kazi hii. Mpingo uutumie pale unapostahili, yaani bao la vidole, ule ubao mwembamba wa juu ya shingo vidole vinapobania nyuzi, ambako ugumu wake huzuia kucha na nyuzi kuchimba mashimo na ambako kipande chembamba kinatosha.

Mbao zozote utakazonunua, mwombe muuzaji risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, kwa sababu Wakala wa Huduma za Misitu hukagua barabarani. Mpingo umo pia kwenye jamii ya miti ya Dalbergia ambayo biashara yake ya kimataifa imedhibitiwa tangu mwaka 2017. Vyombo vya muziki vilivyokamilika vililegezewa masharti hayo mwaka 2019, lakini anayetuma mbao ghafi nje hajasamehewa.

Mahali pa kuweka fedha na uangalifu

Fedha iliyobaki baada ya kununua mbao ipeleke kwenye daraja, funguo, kizingiti na pikapu, kwa mpangilio huo huo. Daraja linalolegalega linaweza kukupotezea noti zaidi ya mti wowote, na kizingiti chenye mifereji iliyochimbwa vibaya kitalifanya gitaa litoke kwenye tuni hata kama pikapu zake ni za bei kubwa. Mfupa wa ng'ombe uliochemshwa, ukakaushwa na kupigwa msasa hutoa kizingiti kizuri ambacho hakihitaji kuagizwa popote. Kwenye nyaya za ndani, pikapu za koili moja kwa kawaida hufungiwa vitufe vya voliumu na toni vya kilo-omu 250, na zile za koili mbili hufungiwa vya kilo-omu 500. Fundi wa redio akikufungia chochote alichonacho kabatini, mlio utakuwa butu au mkali kupita kiasi, na lawama zitaangukia mbao zisizo na hatia.

Kiungo cha shingo na mwili kikaguliwe kabla ya rangi. Weka karatasi nyembamba kwenye shimo la shingo, funga skrubu, kisha jaribu kuivuta. Ikitoka kwa urahisi upande wowote, nyuso hizo hazikugusana sawasawa na seremala arudie kazi kwa patasi, asizibe kwa unga wa mbao na gundi. Kuhusu kama shingo ya kubandikwa kwa gundi ina mlio bora kuliko ya skrubu, chagua ya skrubu, kwa sababu ya kivitendo kabisa: ikipinda wakati wa masika, inang'oka na kurekebishwa, ilhali iliyobandikwa inadai mvuke, kisu na sala.

Gitaa likishafungwa nyuzi, liache wiki mbili likiwa limekazwa kwenye tuni, kisha rudia ukaguzi wa kunyooka kwa shingo na ule wa noti moja moja. Rudia tena upepo wa kusi unapoingia na unyevu unapobadilika, ukizungusha fimbo ya chuma robo mzunguko kwa wakati na kuipa shingo siku nzima itulie kabla ya robo nyingine. Baada ya kila onyesho futa nyuzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, na ulirudishe gitaa kwenye begi lake badala ya kuliegemeza dirishani linalotazama bahari.